Haya ya Bi Jokha

Bi Jokha alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kumkatalia mtu usoni. Ukimwomba asichotaka kutoa, atakwambia inshaallah. Ukimwalika asikotaka kwenda, atakwambia tutajaaliwa. Na ukimdhulumu waziwazi, ukamkanyaga mguu huku unamtazama, atashusha macho, atauvuta mtandio wake kidogo, kisha atasema, "Haya." Waliomjua waliiogopa haya hiyo kuliko tusi. Mumewe, marehemu Ameir, akiisikia tu, hata kama ameshavaa viatu vya kutokea, alikuwa akirudi ndani kuuliza amekosa nini.

Ndivyo alivyolelewa. Kwao Unguja, mtoto wa kike aliyesema "sitaki" mbele ya mgeni alifinywa paja mpaka likavilia damu. "Hapana" lilikuwa neno la sokoni, la kumwambia muuza samaki. Watu wenye heshima zao walikuwa na njia nyingine, kila mtu akizijua, na hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Taabu ni kwamba Bi Jokha hakuzeekea Unguja. Alizeekea Birmingham, mtaa wa Sparkbrook, ghorofa ya tatu, nyumbani kwa bintiye Zainab. Na huko Uingereza watu wanalisikia neno, lakini namna lilivyosemwa hawaisikii.

Walifika katikati ya miaka ya tisini, siasa za nyumbani zilipochacha. Miaka michache baadaye Ameir akafariki, akazikwa Handsworth. Zainab akapata kazi hospitali, anatoka alfajiri na kurudi jioni yu taabani. Bi Jokha akabaki na kuta nne na televisheni isiyosema lugha yake. Mwanamke aliyekuwa akiamkiwa shikamoo na mtaa mzima akawa mtu wa kuwekwa kwenye kochi na kufungiwa mlango. "Mama, chakula kimo kwenye friji." Basi! Mwenyewe alikuwa akisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu imenipita zamani, na jembe sijaliona."

Jembe alilipata kwa Shemsa. Huyo alikuwa shoga yake, mwanamke wa Mombasa, mpana, sauti yake ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara naye akaitika. Alikaa nyuma ya Ladypool Road, na alikuwa na konde. Waingereza wanaviita alotmenti, vipande vya ardhi ambavyo baraza la mji huwakodisha watu wapande mboga zao, lakini Shemsa alisema konde ni konde, hata likiwa na upana wa mikeka miwili. Kipande cha jirani yake kilipoachwa wazi, akamkokota Bi Jokha mpaka ofisini, akamsemea kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Haukupita muda Bi Jokha akawa amepiga magoti kwenye udongo mweusi, kiganja kimejaa, analia kwa furaha kama mwendawazimu. Shemsa akamwacha alie, akaenda kuchota maji.

Sasa, konde hizo zilikuwa ndani ya Hollingsby, na Hollingsby si pahala pa mchezo. Ni bustani ya bwanyenye wa kale, kubwa hata ukiianza asubuhi utaimaliza miguu inauma. Juu ya kilima liko jumba jeupe. Kutoka madirishani majani yanateremka taratibu hadi ziwani, na huku na kule imesimama miti mikubwa, mitatu hapa, mitano kule, mtu angedhani imejiotea. Hakuna kilichojiotea! Ziwa lilikuwa kijito, wakakiziba. Kilima kiliongezwa kwa udongo uliobebwa na vibarua kwa mikokoteni. Ng'ambo ya maji liko hekalu dogo la nguzo, zuri mno, lisiloabudiwa mungu yeyote. Lilijengwa litazamwe tu.

Aliyeyafanya hayo, karne mbili na zaidi nyuma, alikuwa wa ukoo uliotajirika kwa kutengeneza bunduki mjini humo humo na kuzipakia melini kwenda Afrika. Siku moja akasimama dirishani akaona katikati ya mandhari yake pana kijiji: moshi, kisima, nguo za watu zimeanikwa. Kikamuudhi. Kikaondolewa. Halafu, ili ng'ombe na makabwela wasimsogelee, na yeye asiuone ua wowote, akachimba handaki lenye ukuta upande mmoja. Ukiwa jumbani unaona majani yamekwenda moja kwa moja mpaka mbinguni. Ukiwa chini, unagota ukutani. Handaki hilo kwa Kiingereza linaitwa ha-ha. Wallahi! Shemsa alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani wamewazuia watu, kisha wakawacheka?"

Konde za watu zilikuwa nyuma ya jumba, ndani ya uwanja uliozungukwa na ukuta mrefu wa matofali, ambako zamani yalipandwa matunda ya bwanyenye. Vita vya Hitla vilipoleta njaa, uwanja ule ukakatwa vipande wakapewa wakazi wa mji walime mbatata. Vita vikaisha, watu wakabaki. Baada ya Waingereza wakaja Wajamaika, kisha Wapunjabi, kisha sisi. Karibu na lango alikuwa Tarsem, Kalasinga aliyestaafu kazi ya kuyeyusha chuma, na uwatu wake na vitunguu thomu vyake. Alimwita Bi Jokha anti, na Bi Jokha alimwita mwanangu, ijapokuwa ndevu zake zilikuwa nyeupe pepepe.

Bi Jokha alipanda mchicha, maboga, kotmiri, tungule, na pilipili chache ndani ya kibanda cha vioo vya kuokota. Hakuuza hata jani. Mkono mtupu haulambwi, na wake haukuwa mtupu tena. Mzazi aliyejifungua alipelekewa majani ya maboga. Msiba ukitokea, mchicha wa Bi Jokha ulitangulia kuliko ubani. Mlango wa ghorofa ya tatu ukaanza kusikia hodi, na hodi zikazidi, mpaka Zainab akalalamika kwamba hapati kulala siku zake za mapumziko. Watu wakamwita Bi Jokha wa Mchicha. Alijifanya hapendi jina hilo, na kila mtu alimwona anavyotabasamu akilisikia. Kwa ufupi, alikuwa mtu tena. Konde ile ndiyo iliyomfanya mtu, na yeye alilijua hilo kuliko yeyote.

Mwaka wa elfu mbili na sita wakaitwa mkutanoni. Hollingsby ilikuwa imekabidhiwa jumuiya ya kutunza majumba ya kale, na mwenye kusimamia mambo alikuwa mama mmoja wa Kiingereza, Philippa, mrefu, mpole, viatu vimejaa tope saa zote. Hebu tumtendee haki: Philippa aliipenda bustani ile kwa moyo wake wote. Aliujua kila mti, nani aliupanda na kwa nini. Laiti angekuwa mtu mbaya, mambo yangekuwa rahisi.

Mkutano ulifanyika kwenye banda la zamani la farasi, sasa ukumbi. Chai ilikuwa kwenye vikombe vya udongo wa kichina, na keki zilizopakwa jamu na malai, na Philippa akimpa kila mmoja kwa mkono wake. Bi Jokha, kwa kuwa mkubwa wa umri, akawekewa kiti cha mbele chenye mto. Mambo yalikwisha hapo hapo, kwa anayejua. Umekaa kwenye kiti cha mtu, umetia keki yake kinywani, kikombe chake bado kinakuchoma vidole: utamwambia hapana vipi? Hata mnyama hafanyi hivyo.

Mkalimani alikuwa Cyriaque, Mkongomani wa Bukavu, kijana mtanashati wa miaka thelathini na kitu. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kusikiliza, kimechanganyika na Kifaransa, lakini hakikuwa cha Unguja. Zainab angeweza kwenda kumsemea mama yake, ila alikuwa kazini.

Philippa akaonyesha picha ukutani. Bustani ya ukuta ilivyokuwa wakati wa bwanyenye: njia za kokoto, vichaka vya lavenda vimekatwa mraba, mipichi imetandazwa ukutani kama nguo. Wamepata fedha za kuirudisha ilivyokuwa. Watu watakuja kutoka kila pahala kuitazama. Akaeleza pia lile ziwa, na hekalu, na kijiji kilichoondolewa.

Bi Jokha akamgusa Cyriaque mkono. "Muulize, watu wa kijiji kile walikwenda wapi?"

Cyriaque akauliza. Uso wa Philippa ukaingia huzuni ya kweli. Akasema ni swali zuri sana, na kwamba hakuna aliyeandika. Bi Jokha akatikisa kichwa.

Kisha Philippa akainama mbele yake, macho kwa macho, mikono imekutana kifuani, akasema maneno mengi laini. "Mama," Cyriaque akafasiri, "anasema konde zitabidi zitoke. Anakuheshimu sana. Anapenda kujua wewe mwenyewe unaona namna gani."

Bi Jokha akakitazama kikombe. Akashusha pumzi. Akauvuta mtandio. Akasema, "Haaya."

Sasa jamani! Ziko haya za kila aina. Iko haya ya kumwambia mtu twende, na ya kumwambia mtoto kala vya kutosha, aondoke mezani. Iko ya kuagana mlangoni. Lakini ile iliyoanzia tumboni, ikavutwa, ikashuka, macho yakishuka nayo, ile Mzanzibari yeyote ataifahamu hata akiwa usingizini. Maana yake: umesema, nimesikia. Una nguvu, mimi sina. Unajua unachonifanyia na Mungu anakuona, na kama una hata chembe ya utu, utakoma hapo ulipofika. Hakuna katao kubwa kuliko hilo. Baada ya haya ile, muungwana anaona aibu, anayarudisha maneno yake nyuma.

Cyriaque akamgeukia Philippa. "She says okay."

Philippa akaweka mkono moyoni, macho yakamlengalenga. Akamshika Bi Jokha mkono, akamshukuru, akamshukuru tena. Na Bi Jokha, maskini, akaona mambo yamekwenda sawa! Alidhani anaombwa radhi. Alidhani mama wa watu ameelewa, ameona haya, na machozi yale ni ya kujutia. Akampigapiga mkono kumliwaza.

Shemsa hakungoja mkalimani. Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mimi sitaki! No! Konde yangu siitoi, no, no and no!" Chembe za keki zikamtoka mdomoni. Tarsem naye, bila kusimama, akasema, "No," kama mtu anayefunga dirisha. Wengine wakafuata, huyu no, yule no, na msichana wa jumuiya aliyekaa pembeni akiandika kila jibu. Bi Jokha alitamani ardhi ipasuke aingie.

Kwenye basi alikuwa hajatulia. "Shoga, leo umenivua nguo. Mtu kakukirimu, kakupa chai kwa mkono wake, unamkemea mbele za watu?"

"Anataka kutunyang'anya, Jokha! Nimchekee?"

"Mimi nimeshamwambia. Nimemwambia kwa adabu."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia haya."

Shemsa akamtazama, akaangua kicheko. "Loh! Kwa haya yako ile, angekuwa Mswahili leo asingepata usingizi." Bi Jokha akanuna mpaka Stratford Road. Alishuka bila kuaga, kwa sababu aliona shoga yake hana malezi.

Majira ya mvua za baridi uamuzi ukatoka. Konde zinaondoka, zote. Ila waliokataa wana haki zao, baraza la mji litawapa vipande vingine upande wa Handsworth. Waliokubali kuachia wenyewe wanashukuriwa sana. Shemsa akapata kipande, Tarsem akapata, na wale wengine wa no wakapata. Bi Jokha akangoja jina lake. Akangoja tena. Mwisho akamwomba Zainab amsindikize ofisini.

Kijana wa ofisini alikuwa na adabu na haraka. Akatazama kompyuta, akasema Bi Jokha alikubali kuiachia konde mbele ya watu, kwa hiyo hana anachodai. Kama anataka nyingine, ajiandikishe kwenye foleni, na foleni ni ya miaka.

Zainab akageuka. "Mama, ulisema yes?"

"Sikusema yes. Ulimi wangu haujui yes. Nilisema haya."

"Sasa mama! Haya si ndiyo hiyo hiyo yes?"

Bi Jokha alimtazama mwanawe huyo aliyemzaa, aliyemnyonyesha, aliyekuja naye Uingereza akiwa na miaka kumi na mbili. Alitafuta usoni mwake dalili kwamba anatania. Hakuiona. Yule kijana wa ofisini kutojua, sawa. Philippa kutojua, sawa. Lakini huyu! Kwa hiyo miaka yote hiyo, kila alipomwambia Zainab haya pale nyumbani, alipohamishiwa chumba kidogo, alipoambiwa Idi hii hawatapika kwa sababu kuna zamu, mtoto alisikia yes. Hapo ndipo moyo wake ulipopasuka, wala si kwa ile konde peke yake.

Alimkuta Cyriaque mbele ya duka la nyama, akamsimamisha. Kijana wa watu alipoelezwa alishika kichwa. "Mama, pole, pole sana. Lakini ulisema haya. Kwetu mtu akisema haya, amekubali, ni d'accord. Mimi nilitafsiri ile nilisikia." Alikuwa karibu kulia. Bi Jokha angempa nini? Tusi? Laana? Kijana hakukosa. Akamwambia hakuna neno, mwanangu, nenda salama. Akarudi nyumbani na hasira yake nzima nzima, hana pa kuitua.

Na watu nao, watu hawana dogo. Kwenye harusi moja ya Balsall Heath, ukumbini, alisikia nyuma yake: "Ndiye huyo aliyewauza wenziwe. Kaitwa mbele, kakalishwa kwenye mto, kakubali." Mwingine akasema, "Mwenyewe kakosa. Ubaya wa mtu humrudia." Wanawake waliokula mchicha wake, waliolelea watoto wao kwa majani yake ya maboga! Alikula wali wake, akaondoka kabla ya bibi harusi kutolewa. Tangu hapo hodi za ghorofa ya tatu zikapungua. Mtu ambaye kesho hatakuwa na kitu mkononi hatembelewi sana, hasa akiwa ana kesi.

Siku ya kuhama Shemsa alichimbua kila kitu, mpaka vijiti vya maharage, akavifunga kwa kamba za viatu. Bi Jokha hakung'oa hata jani. Tungule zilikuwa zimekwisha, maboga mawili yamelala ubavu, mchicha umeshatoa mbegu. Alisimama penye lango mpaka katapila likaingia. Philippa akaja mbio na chungu kidogo cha lavenda, zawadi, akamwambia bila ukarimu wake hili lisingewezekana. Bi Jokha hakufahamu maneno, ila alipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa.

Mwaka wa elfu mbili na nane, kiangazi, bustani ikafunguliwa. Philippa alipiga simu mwenyewe, akasisitiza, na Zainab akaona vyema wakatembee. Kokoto zimetandazwa. Lavenda mraba. Mipichi imesulubiwa ukutani. Pazuri, tuseme kweli, pazuri sana, na hakuna kinachoweza kuliwa isipokuwa kwenye mkahawa. Penye lango, palepale alipokuwa Tarsem, umesimamishwa ubao mkubwa wa historia: bwanyenye na misokoto ya nywele zake za bandia, ramani ya handaki na ziwa, wanawake wa wakati wa vita na makoleo yao. Na chini kabisa, picha ya Bi Jokha, na kikombe cha chai mkononi.

"Mama, uko wewe!" Zainab akaanza kusoma, akifasiri kwa Kiswahili chake cha kukwama. Kwamba wakulima wa mwisho waliitoa ardhi yao kwa hiari, ili watu wote waifurahie. Kwamba mkubwa wao, Jokha, alipoulizwa, alijibu kwa neno moja la Kiswahili, Haya, maana yake twende, tuanze! Kwamba kwa heshima yake, njia ya watoto ya kuzunguka bustani imeitwa Njia ya Haya.

Watoto wa skuli walikuwa wamepangwa mstari na mwalimu wao. Philippa, uso unang'aa, akanyanyua mkono. "One, two, three!"

"Haya!" wakapiga kelele, wakatimua mbio juu ya kokoto.

Zainab alicheka, kisha akauona uso wa mama yake, akaacha. Philippa alikuja akauliza kama wameliandika neno sawasawa. Herufi zilikuwa sawasawa. Bi Jokha alifungua kinywa, akatafuta pa kuanzia, na kila neno alilolipata lilikuwa la adabu. Akakifunga. Wiki hiyo Zainab alimsikia akimwambia mtu wa posta kwa Kiingereza, kwa sauti ngumu, "No." Alikuwa anajifunza.

Shemsa alikuja wiki chache baadaye. Tangu kuhama walikuwa wakionana kwa nadra, Handsworth ni mabasi mawili, na Bi Jokha hakuwa na hamu ya kusikia habari za udongo wa mwenziwe. Akabisha hodi kwa sauti yake ile ile ya ng'ambo ya barabara. Bi Jokha akafungua mlango. Shemsa alikuwa amesimama ngazini, anahema, mfuko wa mchicha kifuani, majani yamefurika mpaka kidevuni.

"Shoga, chukua, mikono inanikatika. Na sikiliza, sikuja kwa mchicha tu. Ile konde yangu nimeikata nusu. Nusu yako. Mgongo umenishinda, peke yangu siwezi."

Alikuwa mwongo. Mgongo wa Shemsa ungebeba kabati mpaka ghorofa ya tatu. Alikuwa amezitafuta njiani kote namna za kumpa mtu kitu bila kumdhalilisha, na hiyo ndiyo aliyoiona. Bi Jokha aliyafahamu yote hayo kwa mara moja, kwa sababu hiyo ndiyo lugha yake. Na moyo wake uliruka! Nusu ya konde! Vidole vyake vilishaanza kufunguka kuupokea mfuko. Lakini macho yakaona ule mchicha, shina nene, ameletewa mlangoni kama aletewavyo mgonjwa, yeye, Bi Jokha wa Mchicha. Ile hasira iliyokosa pa kutua miaka yote miwili ikapata mlango uko wazi na mtu amesimama.

"Hapana," akasema.

"Nini?"

"Hapana, Shemsa. Sitaki."

Shemsa alimkodolea macho. "Jokha, mimi si Mzungu. Unaniambia mimi hapana?"

"Nimefundishwa. Wasemao hapana ndio wapewao konde. Ulinicheka ndani ya basi. Haya, mimi leo nimejua kusema."

"Nilikucheka mimi? Nilikusifu!"

"Sitaki, nimekwambia."

Shemsa akauweka mfuko chini, kizingitini, polepole. Kisha akashika mkono wa ngazi akateremka.

Bi Jokha hakufunga mlango. Alisimama pale pale, mkono kitasani, anasikiliza viatu vikishuka. Kwao mtu akikataa hubembelezwa. Anakataa la kwanza, mwenziwe anamwapia. Anakataa la pili, mwenziwe anamshika mkono, anamwambia usinivunje, usinirudishe. La tatu ndipo anakubali, na heshima yake imebaki. Alikuwa anangoja. Alikuwa ameshaliandaa jibu lake la kukubali, liko kooni. Shemsa aliijua haya ya Bi Jokha kwa aina zake zote, lakini hapana yake hakuwahi kuisikia, akaichukua kama ilivyo. Mlango wa chini ukafunguka, ukajifunga.

Msimu uliofuata ile nusu ya konde akapewa Sadiyo, mama wa Kisomali wa ghorofa ya kwanza, jirani yao wa jengo lile lile. Ni mtu mwema Sadiyo, hana makuu. Kila Ijumaa akitoka konde hupanda ngazi, hubisha hodi, humletea Bi Jokha fungu la mchicha. Bi Jokha hulipokea kwa mikono miwili, husema asante.